Wifi Amezimia Tena

Kwenye mlango wa mapokezi ya dharura alisimama muuguzi mmoja ambaye wenzake walimwita Mpelelezi. Jina hilo hakulipenda, wala hakulikataa. Kazi yake ilikuwa kumtazama kila anayeingia na kusema nani ahudumiwe sasa hivi, nani anaweza kungoja kidogo, na nani akae kwenye benchi mpaka watu wapungue. Kila mgonjwa alimfunga kitambaa mkononi: chekundu, cha njano au cha kijani. Mwenye chekundu hakupanga foleni na mtu. Mwenye kijani, hata angelia machozi ya damu, angengoja.

Kazi hiyo humfundisha mtu kutoamini macho yake, achilia mbali masikio. Watu wa mji ule walikuwa wamekwisha kugundua kwamba anayeingia kwa miguu yake hukaa benchini, na anayebebwa hupita. Basi wakajifunza kubebana. Mtu alipanda teksi mzima, akateremka mzima, na hapo getini ndugu zake wakamwambia alegee, wakamnyanyua msobemsobe huku wakipiga kelele za kuomba njia. Siku moja Mpelelezi alimsikia mama mtu mzima akimnong'oneza mwanawe nyuma ya mlango, "Legeza shingo vizuri, usiniaibishe."

Kwa hiyo yeye hakuanza na anayelia. Anayelia, alisema, koo lake liko wazi na pumzi anazo, tena za kugawia wengine. Alikwenda kwanza kwa aliyenyamaza. Aliangalia kinywa na koo, kama hewa inapita. Akaangalia kifua, kama kinapanda pande zote mbili. Akashika kifundo cha mkono, akasikiliza mapigo, akapima joto la ngozi. Akaita jina, akafunua kope. Mwisho akafunua nguo, kwa sababu nguo, kwa maneno yake, ndiyo inayoongoza kwa uongo. Utaratibu huo haukujali mtu ni nani wala amekuja na nani. Na maswali yake aliyauliza, akayaacha, kisha akayarudia kwa mlango wa nyuma. "Ulianguka?" Akimaliza kumpima presha anauliza tena, kama mtu anayepitisha muda, "Aliyekusukuma yuko wapi?"

Aliwahi kuletewa mzee ambaye wanawe walisema amelewa chakari, wakataka alazwe pembeni mpaka pombe imtoke. Mpelelezi aliinama akamnusa kama anayenusa maziwa ya jana. Hakunuka chochote. Akampima sukari, akakuta imeshuka chini kabisa. Tangu hapo hata mlevi wa kweli, anayeimba, hakupita pale bila kunuswa na kuchomwa kidole.

Tatizo la tabia ya kazini ni kwamba haivuliwi pamoja na sare. Nyumbani nako alinusa. Mumewe, fundi wa makochi mwenye karakana yake mbele ya nyumba, alizoea kusema, "Mke wangu akinisalimia, najua ananihoji." Akichelewa kurudi kutoka dukani kununua sponji, aliulizwa sponji ya inchi ngapi, na kesho yake akaulizwa tena. Fundi hakukasirika. Alikuwa mtu wa kupenda sifa na amani, na vyote viwili alivipata kwa kunyamaza.

Ila palikuwa na mtu mmoja ambaye Mpelelezi hakuhitaji hata kumnusa, naye ni wifi yake.

Wifi alikuwa dada mdogo wa fundi. Mumewe alikwenda kufanya kazi nchi ya mbali, na kwa mwaka na zaidi hakuonekana ila kwa ujumbe mfupi wa simu, tena wa kubahatisha. Fundi akamchukua dada yake, akampa chumba cha uani. Mbele za watu alijigamba, "Dada yangu ametulia. Kioo cha nyumba hii. Siku nikisikia doa juu yake, atafungasha siku hiyohiyo, na mimi ndiye nitakayemshikia sanduku." Wateja wake waliyasikia hayo wakiwa wamekaa juu ya makochi, na mtaa mzima ukayapata.

Sasa huyu wifi alikuwa na kipaji cha kuzimia. Alizimia kwenye harusi ya kaka yake, ulipofika wakati wa kuosha masufuria. Alizimia msibani kwa mtu asiyemjua vizuri, wenyeji walipoanza kugawana kazi. Alizimia siku ya kuhamisha vitu, siku ya kufua mapazia, na siku aliyoulizwa nani amevunja kioo cha kabati. Mpelelezi alikuwa ameona jambo moja ambalo wengine hawakuliona: wifi yake hakuwahi kuzimia penye kokoto. Aliangukia makochi, mikeka, mapaja ya watu, na mara moja gunia la sponji.

Na miezi ya karibuni Mpelelezi alikuwa ameona lingine. Wifi alikuwa akienda kusuka kila mwisho wa juma, tena mtaa wa mbali, na kila aliporudi kichwa kilikuwa na nywele zilezile. Hilo hakulisema kwa mtu. Aliliweka, kama anavyoweka dalili moja akingoja ya pili.

Ikawa siku moja mchana, pikipiki mbili zimegongana na mapokezi yamejaa. Mpelelezi alikuwa ameinama juu ya kijana aliyevunjika paja, akikaza mkanda, aliposikia kelele za kuomba njia. Mhudumu wa machela, ambaye wote walimwita Dereva, akamgusa bega.

"Sista, hao wanaokuja ni wa kwenu."

Alikuwa fundi, shati limetoka kwenye suruali, amembeba dada yake mikononi akisaidiwa na jirani. Kichwa cha wifi kilining'inia nyuma.

"Mama watoto, amezimia. Alikuwa anafagia."

"Anafagia," Mpelelezi alirudia. Neno hilo lilitosha.

Watu wote walikuwa wakitazama. Juma lile lile matroni alikuwa amewakusanya wauguzi akawaambia kwamba malalamiko yamezidi, kwamba humu ndani ukiwa na shangazi hulali benchini. Mpelelezi alijua macho ya kina nani yalikuwa mgongoni kwake. Akaushika mkono wa wifi yake, akaunyanyua juu ya uso wake, akauachia. Mkono wa mtu aliyezimia kweli humpiga puani. Mkono wa wifi ulisita hewani, ukakwepa, ukateremka polepole ubavuni.

Dereva akacheka kwa pua. "Huo mkono una akili kuliko mimi."

Hata mama mmoja aliyekuwa ameshika jino lake akatabasamu. Mpelelezi akatoa kitambaa cha kijani, akakifunga, akaelekeza benchi kwa kidevu. Koo hakuliangalia, kifua hakukitazama, kifundo cha mkono hakukishika, ingawa mkono ulikuwa umo mkononi mwake. Kwa mgonjwa mwingine yeyote asingefanya hivyo. Lakini kwa jinsi alivyoogopa kusemwa kwamba anapendelea ndugu, alimnyima ndugu hata kile anachompa mlevi.

"Mke wangu, hujamwangalia," alisema fundi.

"Nimemwangalia miaka yote tangu unioe. Mkalishe pale."

Akarudi kwa kijana wa paja. Nyuma yake alisikia wifi amefungua macho, analalama kwa sauti ndogo. Tumbo linauma. Kisha bega. Bega la kushoto, huku juu, linachoma.

"Tumbo, halafu bega," alisema Dereva akipita na machela tupu. "Jioni itakuwa kope."

Mpelelezi naye alitaka kucheka, akasita. Bega. Mtu anayeigiza huigiza vitu vinavyoeleweka: moyo, kichwa, kizunguzungu. Nani angemfundisha wifi kuigiza bega? Aliinua macho. Fundi alikuwa anamwinua dada yake akae vizuri, na wifi, alipokaa wima tu, macho yakamgeuka. Hakuangukia paja la kaka yake lililokuwa hapo karibu. Alianguka mbele, akajipiga kwenye saruji kwa upande wa shavu, na hakuunyosha mkono kujizuia.

Palikuwa pagumu, na alikuwa amepaangukia.

Mpelelezi hakukumbuka baadaye jinsi alivyofika pale. Alikuwa amepiga magoti, vidole kwenye kifundo cha mkono wa wifi. Mapigo yalikuwa membamba kama uzi, yakikimbizana. Ngozi ilikuwa baridi na ina maji. Akafunua kope ya chini, akaona weupe. Akafungua kinywa, ulimi ulikuwa kama chaki. Mtu anaweza kuigiza kuzimia, lakini jasho la baridi haliigizwi, na damu haijifichi usoni kwa kupenda.

Akakikata kile kitambaa cha kijani kwa mkasi wa bandeji, kwa nguvu iliyomshtua fundi.

"Dereva, machela. Huyu ni mwekundu. Laza, msimkalishe tena. Inua miguu."

"Sista, si ulisema..."

"Nilisema. Sukuma."

Ndani ya chumba cha wagonjwa mahututi walimwekea oksijeni. Mpelelezi akatafuta mshipa, ukamkwepa, akaupata. Akatafuta wa mkono wa pili, akaweka sindano nene kote kuwili, akatoa damu ya kupima kundi kabla ya kufungulia dripu. Wifi alifungua macho. Presha ilikuwa chini. Tumbo lilikuwa gumu, na alipoliminya kidogo upande wa chini wifi alinyanyuka mwili mzima.

"Umekula nini leo?"

"Sijala. Kichefuchefu."

"Tangu lini?"

"Leo tu."

"Siku zako ulizipata lini mara ya mwisho?"

Wifi hakumtazama yeye. Alimtazama kaka yake, aliyekuwa amesimama miguuni mwa kitanda. "Juzi," alisema. "Juzi tu zimekwisha."

Mpelelezi aliuona mwendo wa macho yale. Aliuona mara nyingi mlangoni: mke akiulizwa kuhusu jeraha, anamtazama mume kwanza. Akageuka.

"Baba watoto, toka nje."

"Mimi ni kaka yake."

"Ndiyo maana. Toka."

Pazia lilipofungwa aliinama karibu na sikio la wifi. "Sasa niambie."

"Nimeshakuambia. Juzi."

"Wifi, una damu tumboni inayovuja muda huu tunaozungumza. Nataka kujua inatoka wapi."

"Nani kasema nina damu tumboni?"

"Bega lako limesema. Damu ikijaa tumboni, maumivu hupanda begani."

Wifi alitaka kucheka akashindwa. "Wewe unataka tu unisikie nikitamka. Tangu nihamie kwenu unaninusa kama paka. Nikitamka, umempelekea kaka yangu, mimi niko barabarani na sanduku."

"Hapa kazini sina mume."

"Kila mtu ana mume akifika nyumbani."

Mpelelezi hakupoteza muda kubishana. Mlangoni pale palikuwa na kanuni iliyomzidi yeye kwa kutoamini: mwanamke yeyote wa umri wa kuzaa, akiumwa tumbo na kuzirai, ana mimba mpaka kipimo kikatae. Awe ameolewa, awe mjane, awe mtawa. Kanuni haikutaka kusimuliwa wala kuapiwa. Akachukua mpira mwembamba wa kutolea mkojo, na kabla wifi hajauliza ni wa nini, kazi ilikuwa imekwisha.

Daktari wa zamu aliingia, mama mfupi mwenye mwendo wa kuwahi, mikono tayari ndani ya glavu.

"Nipe."

"Maumivu ya tumbo chini, bega la kushoto, ameanguka alipokalishwa. Mapigo mbio, presha chini, mweupe. Mishipa miwili imefunguliwa, damu imeshakwenda maabara."

"Mjamzito?"

"Amesema hapana."

"Wewe unasemaje?"

"Simwamini."

"Wala mimi," alisema daktari, akavuta mashine ya ultrasaundi.

Kipimo cha mkojo kilitoa mistari miwili. Kwenye kioo cha mashine, mji wa mimba ulikuwa mtupu, na kuuzunguka palitanda weusi ambao haukutakiwa kuwapo. Daktari aligeuza kioo mgonjwa akione, akasema kwa maneno machache kwamba mimba imetunga kwenye mrija nje ya kizazi, kwamba mrija umepasuka, kwamba damu haitakoma yenyewe, na kwamba chumba cha upasuaji kinaandaliwa.

"Unakubali tukupasue?"

Wifi alifumba macho. Mpelelezi alidhani amepoteza fahamu, akamshika kifundo cha mkono. La, alikuwa anafikiri.

"Sipasuliwi," alisema.

Daktari alidhani hakuelewa, akarudia polepole. Bila upasuaji atakufa, tena si kesho.

"Nimesikia. Nikilala usingizi wenu mtamwita Kaka mumwambie, na mimi sipo wa kukanusha. Bora nife na heshima yangu."

Mpelelezi alihisi hasira ikimpanda, ile ya mtu anayemwona mwenzake akizama na kamba iko hapo. Mficha maradhi, kifo humuumbua, alitaka kumwambia, lakini methali haizuii damu. "Nakuapia..." alianza.

"Usiniapie. Wewe mwenyewe huamini kiapo cha mtu."

Ilikuwa kweli. Katika kazi yake yote Mpelelezi hakuwahi kumfunga mtu kitambaa kwa sababu ameapa. Asiyeamini viapo huamini anachokiona, na yeye, akiwa pale kitandani badala ya wifi, angetaka nini? Angetaka kuona. Akafungua pazia, akaita.

"Baba watoto. Njoo usimame hapo hapo, usisogee."

Fundi aliingia, macho mekundu. Mpelelezi akasimama upande ambao wifi angemwona vizuri usoni.

"Dada yako ana mrija umepasuka ndani ya tumbo, anavuja damu. Akikubali, anapasuliwa sasa."

"Mrija gani? Umepasukaje?"

"Hayo hutayasikia kwangu. Si leo, si nyumbani, si ukinikasirikia. Ukitaka kujua, utamuuliza yeye akiwa mzima."

"Mke wangu unanifanyia mimi hivyo?" Fundi alimgeukia daktari. "Dokta, mimi ndiye ninayemlisha huyu."

"Mzee wangu, hongera kwa kumlisha," alisema daktari bila kuinua macho kutoka kwenye dripu. "Lakini ana akili zake timamu. Msemaji wa mwili wake ni yeye. Wewe tunachotaka kwako ni damu. Nenda maabara wakupime."

Fundi alisimama kama mtu aliyepigwa kibao na mgeni. "Damu yangu mnaitaka, habari hamnipi." Lakini alikwenda, akikunja mkono wa shati.

Wifi alikuwa ameyatazama yote bila kupepesa. Alimkagua Mpelelezi uso mzima, kama anayetafuta ufa kwenye chungu kabla ya kukinunua.

"Haya," alisema mwishowe. "Nipasueni. Nikifa mtasema mtakalo. Nikipona, nitajua kama umesema."

"Utajuaje?"

"Nitajua tu. Nimeishi na wewe."

Machela ikaondoka. Safari hii Dereva hakutia utani wowote. Alisukuma akitazama mbele, na kwenye kona alishika ukingo kwa mikono miwili machela isitikisike.

Walipomaliza, daktari alitoka akisema wamekuta damu nyingi tumboni na kwamba wamewahi, tena kwa shida. Mpelelezi alimshukuru, akarudi mlangoni, na mgonjwa aliyefuata, mzee aliyebebwa na wanawe wanne wakipiga kelele, alimwanzia kinywani na kooni, kisha kifuani, kisha akakishika kifundo cha mkono wake kwa muda mrefu hata yule mzee akafungua jicho moja kutazama kuna nini.

Nyumbani mambo yaligeuka. Fundi, mtu wa amani, alianza kunusa. Kwanza alimwendea Dereva na soda mkononi. Dereva akainywa soda, akasema yeye husukuma tu, hajui wanachobeba. Kisha fundi akamjaribu mkewe.

"Dada ameniambia yote," alisema siku moja akipima kitambaa cha kochi, bila kumtazama.

"Vizuri."

"Kwa hiyo ni kweli?"

"Kama amekuambia yeye, unaniuliza mimi ya nini?"

Fundi akakata kitambaa vibaya. Mpelelezi aliutambua ule mtego. Ulikuwa wake mwenyewe, swali la mlango wa nyuma, ila mkononi mwa mumewe ulikuwa umeshikwa kwa upande wa makali. Usiku fundi alilala amempa mkewe mgongo. Wakati wa kula alimtazama mkewe anavyokata nyama, kana kwamba namna ya kukata ingemweleza kitu.

Wifi aliporuhusiwa alilazwa sebuleni, kwenye kochi refu ambalo mteja alikuwa hajalichukua. Mpelelezi alimbadilishia bandeji asubuhi na jioni. Wifi alinyoosha shingo kila kaka yake alipopita, akasikiliza anavyokanyaga, kama hatua zake zimebadilika.

"Hujamwambia," alisema siku moja, bandeji ikiwa nusu.

"Nilikuambia sitamwambia."

"Mpaka leo hujamwambia." Sauti yake haikuwa ya shukrani. "Wifi, unataka nini kwangu?"

"Nataka usiloweshe hiki kidonda."

"Sema kweli. Mtu hakai na neno kama hilo tumboni bure. Unalitunza. Siku tukigombana kuhusu vyombo utalitoa. Siku nikikujibu vibaya utanitazama tu, na mimi nitanyamaza. Nitakuwa mtumwa wako humu ndani."

Mpelelezi alibandika plasta, akalainisha kingo kwa kidole gumba. Alitafuta neno la kujitetea, akaona kwamba kila neno alilonalo lingesikika kama la mtu mwenye hatia. Hivyo ndivyo walivyokuwa wakijisikia wote aliowahoji.

"Hata nyumba za watu wema zina masufuria machafu," alisema. "Tutagombana tu."

"Ndiyo hiyo ninayoisema."

Basi wifi hakungoja. Jioni ileile, fundi alipoingia sebuleni na nyundo na misumari kumalizia mguu wa kochi la pili, dada yake alimwambia. Alimwambia amelala, akitazama dari, kuhusu kusuka kulikokuwa si kusuka, na mimba, na mrija. Mpelelezi alikuwa mlangoni na beseni la bandeji chafu, akasimama hapohapo.

Fundi alipigilia msumari mmoja mpaka kichwa chake kikazama ndani ya mbao. Akachukua mwingine.

"Ni nani huyo bwana?"

"Tangu nilazwe simu yake haipatikani."

"Hm." Akapigilia. "Nilisema ukinitia doa utafungasha. Nilisema mbele za watu, na watu wakasikia."

"Nilisikia na mimi."

Kochi lilikuwa limekwisha kusimama sawa, na fundi aliendelea kulitikisa kama linayumba.

"Sasa una mshono," alisema. "Huwezi kunyanyua sanduku. Na mimi mgongo wangu siku hizi si wa kubeba masanduku ya watu." Akakohoa. "Chumba cha uani kinavuja kule kona. Nitakiziba kabla hujarudi huko."

Wifi alifunika uso kwa mkono, na safari hii mkono uliangukia usoni kwa uzito wake wote. Hapo ndipo fundi alipogeuka, nyundo ingali mkononi, akamtazama mkewe pale mlangoni.

"Na wewe. Ulijua."

"Nilijua kazini."

"Hayo ya kusuka ulijua kabla. Pua yako haikosi."

"Nilishuku tu."

"Ukashuku, ukakaa kwenye meza yangu unanipakulia chakula. Miaka yote unanihoji mimi, sponji ya inchi ngapi, umepitia njia gani, kumbe mwenye mambo ya kufichwa ni wewe. Haya, mengine ni yapi?"

"Hakuna mengine."

"Ndivyo anavyosema kila mtu. Si wewe uliyenifundisha?"

Mpelelezi alishika beseni kwa nguvu. Mkuki kwa nguruwe, kumbe. Kwake haukuwa hata umeingia vizuri, na tayari ulikuwa mchungu. Alitazama uso wa mume aliyekuwa amemzoea kama mtu anavyozoea ukuta wa nyumba yake, akaona kwamba mwanamume yule hatamwamini kwa muda, na kwamba hakuna kipimo cha mkojo wala cha damu cha kumpa.

"Kaka," sauti ikatoka kwenye kochi. "Mwache mke wako. Angefungua mdomo ningekuwa chini ya udongo. Ukitaka kumkasirikia mtu, nipo hapa, nimelala, siwezi hata kukimbia."

Fundi akaweka nyundo chini, akatoka kwenda kutafuta ngazi ya kukagua paa la uani.

Tangu aolewe na fundi, Mpelelezi hakuwahi kutetewa na wifi hata kwa neno moja. Alisimama akimtazama pale alipolala, tulivu, macho yamefumbwa, akajiuliza wifi anataka nini kwake. Akaenda kumwaga lile beseni na kunawa mikono, kwa sababu upande wa chini wa bandeji ya wifi ulikuwa umeanza kulegea na ulitaka kubandikwa upya.